Nusu Mpini

Shimo la kona ya kushukia Isyonje nalijua.
Nimelipima kwa mpini wa jembe langu:
kina, nusu mpini;
upana, ndama analala.
Nikachonga alama kwa kisu.
Sikulipima kwa siasa. Gunia langu la viazi lilipasukia humo,
lumbesa, kilemba chake kimeshonwa kwa kamba,
viazi vikaserereka kimoja kimoja upande wa Kiwira
kana kwamba vimesikia bei ya huko.

Mwaka ule kata ilikuwa ya chama cha Ambakisye.
Akachungulia shimo, mikono mgongoni:
"Ni mvua tu. Mvua ya Uporoto haina serikali."
Shemeji yake Tumpale akatema mate:
"Ni wizi. Saruji ya kalavati imejengea bafu la mtu."

Tukapiga kura asubuhi ya ukungu,
wino ukagoma kukauka kidoleni.
Kata ikahama.

Masika yaliyofuata nikarudi na mpini.
Nusu mpini. Ndama analala.
Tumpale, ndani ya koti jipya la mvua:
"Kwa mvua hizi, mama Lusajo,
hata angeshuka malaika na greda, angekwama."
Na Ambakisye akatema mate
palepale alipotemea shemeji yake:
"Wizi. Nenda kaangalie bafu la mtu."

Nilicheka njia nzima.
Nilicheka hadi mlangoni,
nikainama kuvua buti, na kicheko kikaishia kwenye buti la pili.

Mbolea ya ruzuku.
Ilipochelewa enzi za wale
nilimfuata mtendaji hadi ofisini na tope langu,
nikamwita mnyonyaji mbele ya mkewe.
Ilipochelewa enzi za hawa, niliowapa kura yangu,
wiki tatu zilezile,
majani yaleyale yakigeuka manjano,
nilimwambia jirani, tena kwa upole:
"Tuwavumilie. Magari yanakwama pale kwenye kona."

Mpini uko nyuma ya mlango.
Alama mbili zimekaa mahali pamoja,
kisu kimepita njia yake ya kwanza;
mgeni ataona moja.

Usiku huu mvua inapiga bati
na tayari nimeanza kuitetea.
Kesho Lusajo ndiye atakayeshika mpini.
Ana miaka tisa.
Hajajiandikisha.