Robo Duara

Mashine ya kukerezea ya baba yangu ilikuwa na uongo mmoja,
uongo wa robo duara.
Unazungusha mkono wake, mkono unakwenda, kisu hakiendi;
mpaka robo ipite ndipo chuma kinasikia,
kama mtu aliyeitwa usingizini.

Baba aliuzoea. Urpo, fundi wa lifti wa Tampere,
aliyeinunua mwaka sabini na nne kwa malipo ya likizo
(mama hakumsemesha hadi Pasaka),
hakuurekebisha uongo ule. Aliukariri.
Ukutani, juu ya taa, kwa kalamu ya seremala, aliandika:
RUDI NYUMA. NJOO MBELE. ONGEZA TATU.
Tatu ni sehemu za kumi za milimita.
Wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi tatu.

Januari hii, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
nimewasha jiko la sauna, si kwa kuoga:
karakana imepakana nayo ukuta kwa ukuta,
na chuma baridi huuma vidole kama mbwa asiyekujua.
Nimeifungua mashine tumbo.
Ndani, nati ya chuma duni, hesi zake zimelika,
zimebaki nyembamba kama meno ya kitana cha bibi.

Rauno wa nyumba ya pili alikuwa ameniletea bushi ya shaba
kutoka kiwanda cha karatasi walichokibomoa:
nzito, nyeusi kwa grisi, imezeeka bila kuchoka.
"Hiyo inatoa nati," akasema.
"Nitaichonga kwa kitu gani?"
Akaitazama mashine. Nami nikaitazama.
Akamaliza kahawa yake, akaenda zake.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo isemwavyo.
Lakini usiku ule niliirudisha nati chakavu mahali pake,
bushi nikaibana kwenye taya tatu,
na ile iliyolika ikakisukuma kisu
kuichonga itakayoirithi.
Rudi nyuma. Njoo mbele. Ongeza tatu.
Kila mkato niliusoma ukutani.
Nyuzi za shaba zikatoka zimejikunja, za moto, za njano,
zikajificha kwenye sweta;
moja ilinishika shingoni, alama ninayo bado.
Saa tisa usiku tundu likapenya.
Hesi nilizikata kwa mkono, nusu mbele, robo nyuma,
kwa mafuta ya nguruwe, kama alivyofanya yeye,
karakana ikanuka kifungua kinywa.

Asubuhi nikaifunga nati mpya.
Nikaugusa mkono: kisu kikaenda.
Unywele mmoja, kikaenda unywele mmoja.
Nilicheka peke yangu, mvuke ukanitoka kinywani.

Kisha nikaharibu kinara cha mshumaa.
Kilikuwa cha binti yangu Iiris, kilibaki mkato wa mwisho tu,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukarudi nyuma, ukaja mbele, ukaongeza tatu.
Zile tatu, safari hii, zilikuwa tatu kweli.
Shingo ya kinara ikakatika, ikabingirika chini ya meza.
Mashine imeacha kusema uongo.
Mimi bado naitika.

Iiris alikuja Jumamosi na kitambaa chenye spiriti.
"Maandishi haya si kweli tena," akasema. "Nifute?"
Nikamwambia ashike tochi, nitafute kinara.
Hakuuliza mara ya pili.

Nati kuukuu nimeitia katika kopo la misumari.
Kuna siku nikiwa na haraka nausikia mkono
unarudi ile robo, unangoja kidogo,
kama mtu anayesimama mlangoni
kumpisha aliyekwisha kupita.

Kesho naanza beringi. Ya nyuma inalia.