Mshika Tochi

Kazi yangu ni kushika tochi.
Mkate naujua, chuma sikijui,
kwa hiyo Hallbera ananielekeza kwa kidevu:
chini kidogo. Kushoto. Hapo hapo, usipumue.

Nje, Akureyri imefunikwa na theluji ya siku tatu
na saa kumi alasiri giza limeshatanda.
Ndani, lori la waokoaji limeinuliwa juu ya stendi,
mbele halina magurudumu,
kama mgeni aliyevuliwa viatu mlangoni.

Ekseli ya zamani ilivunjika Oktoba, katikati ya mto.
Watalii wawili walikuwa juu ya paa la gari la kukodi,
maji ya barafu yakiwalamba vifundo,
na yeye, mita thelathini tu kabla ya kuwafikia,
akasikia mlio mmoja: ko!
Gurudumu la kushoto likageukia bahari,
la kulia likabaki likitazama ng'ambo.
Watalii waliokolewa na trekta la mkulima.
Hilo ndilo linalomuuma. Si mto. Trekta.

Sili ilivuja tangu kiangazi.
Kila asubuhi aliliona doa, akatandika katoni.
Hatukuziba ufa, anasema huku akigonga nyundo,
na ukuta wenyewe ndio huu:
ekseli mpya, mpya kwa jina,
imetoka kwenye gari la jeshi lililochinjwa Keflavík,
pana kuliko ile ya kwanza kwa viganja viwili;
watu wanne tuliibeba, wa tano alitukana.

Amekata mabano ya springi, amechomelea mengine.
Ameweka beringi, bushi, kingpini,
shafti nene kama mkono wangu wa kukandia.
Mpira wa kupumulia ameupandisha hadi juu ya injini
ili difu ivute hewa hata ikizama.
(Shafti iliyovunjika nimeichukua.
Inazuia mlango wa duka langu usijifunge.)

Hayo yote yalikwenda. Kilichomtesa ni meno.
Anayapaka meno ya krauni rangi ya manjano,
nzito kama kastadi yangu ya Jumapili,
anazungusha pinioni, anainama, anasoma alama.
Ndani mno.
Anafungua yote. Anapachika kibati
chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Anafunga, anapaka, anazungusha.
Nje mno.
Mara ya nne nilitaka kusema: si imekaribia?
Nikakumbuka ninavyomwaga kinyunya kilichoumuka vibaya
bila kumwuliza mtu.
Nikanyamaza, mkono umekufa ganzi.

"Zikibanana zitaungua," alisema bila kunitazama.
"Zikiachana zitavunjana. Kati yake uache unywele."
Miaka kumi na tisa ya ndoa: nikaanza kufikiri
kwamba hasemi habari za gia.
Alikuwa anasema habari za gia.

Mara ya sita alama ilikaa katikati ya jino,
ndogo, laini, kama ulimi wa paka.
Hakushangilia. Alisema, "Zima tochi."
Tukakaa gizani na harufu ya grisi,
naye akaizungusha shafti kwa mkono, polepole,
akisikiliza.
Gia hazikusema neno.
Saa nane usiku nikaenda kuwasha tanuri.

Jumamosi aliuvuka mto ule ule,
akafika ng'ambo, akageuza, akarudi, akavuka tena.
Hapakuwa na mtu wa kuokoa.
Yule mkulima alisimama ukingoni, mikono mfukoni,
trekta lake nyuma yake linanguruma bure.
Mimi nilikaa kiti cha pembeni
na mkate wa shayiri magotini, bado wa moto,
niliomwokea yeye.
Hallbera alishusha kioo, akampungia vidole viwili,
kisha akanigeukia, usukani umetulia kiganjani:
"Mpe," akasema. "Lakini usimpe wote."