Mtego wa Kumi na Nne

Nimetundika mitego kumi na minne
kuanzia ukingo wa mto Iaco
hadi nyuma ya banda la kuku la mama.
Taa ndogo, feni ndogo, mfuko wa chandarua:
aifuataye nuru hunyonywa chini.

Alfajiri nafungua mifuko.
Nondo nawaachia, waende zao.
Usubi ni wale wasiotaka kuonekana,
rangi ya majani makavu, mabawa wima,
kila mmoja robo ya punje ya mtama.
Hawavumi.
Ndiyo maana baba hakuwahi kuwasikia
miaka yote aliyogema mpira usiku,
taa ya mafuta kaifunga kichwani,
mtego unaotembea kwa miguu.

Maabara, Sena Madureira.
Madume kando; hao hawanywi damu ya mtu.
Majike nawapasua, nawachungulia tumboni,
maana sura zao ni moja
na jina limefichwa kwenye vifuko vya mbegu:
hiki kama pilipili, hiki kama skrubu,
hiki mkufu uliokatika.
Aina thelathini na tisa kwa wiki moja!
Profesa Heloneida anapiga makofi: utajiri huu!
Nami nacheka naye. Ni utajiri, kweli.

Kisha tunawasaga, mafungu ya kumi kumi,
tunawauliza vimelea.
Mafungu sitini na mawili yamenyamaza.
La sitini na tatu limejibu,
mstari mmoja hafifu, kama kipande cha ukucha.
Nimeisoma lebo mara tatu.
Si mtoni. Si msituni.

Jumapili nilimkuta mama akiwatupia kuku mahindi.
"Kwa hiyo ni yupi aliyemuuma baba yako?"
Huyo aliishi wiki chache tu, mama,
alishakufa miaka ishirini iliyopita.
Huyu ni wa ukoo wake.
Nikamtajia jina, refu, la Kilatini.
Akalirudia, akakosea, akalirudia tena,
kama anayejifunza jina la mkwe asiyempenda.

Hakusema kitu kingine.
Akaingia ndani, akatoka na nyundo,
akaanza kung'oa misumari ya banda,
ubao kwa ubao,
kulihamishia ng'ambo ya shamba la mihogo,
mbali na dirisha la chumba
ambamo baba hulala kaupa ukuta uso,
mkono umefunika
mahali palipokuwa na pua.