Shilingi Kumi

Jumanne, saa tano na robo usiku,
simu ilitetemeka juu ya rundo la raba:
umepokea shilingi kumi.
Nikadhani mteja amesahau sifuri mbili.
Nilikuwa na sandali za ngozi za elfu moja,
nikaketi kuzingoja zile zilizobaki.

Hazikuja.
Iliyokuja ni sauti:
“Kumbe bado unaitwa Rispa Aluoch Ndege.
Kumbe jina langu hujalitupa.”

Miaka mitatu niko Nyalenda.
Nimebadilisha laini, kanisa,
hata njia ya kwendea Kibuye alfajiri
marobota yanapofunguliwa.
Lakini viatu nilikuwa nikivipigia picha
juu ya shuka la samawati lenye korongo weupe,
zawadi ya mama yake.
Alilitambua shuka.
Nambari ilikuwa chini ya picha, waziwazi, kama bango la kinyozi.
Akatuma kumi ili mtandao umthibitishie.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani.
Langu liling'aa,
gizani hasa,
kiganjani mwa mtu niliyemkimbia,
kwa bei isiyofikia andazi.

Kulipokucha nilikuwa Kondele kwa Bilha, wakala,
mwenye miwani iliyoshonwa sikio kwa uzi.
“Nataka nambari ya duka. Anayelipa asinione jina.”
“Unadaiwa?”
“Hapana.”
“Umeiba?”
“Hapana.”
Akanitazama kidogo.
Swali la tatu hakuliuliza.

Kitambulisho nilikitoa, sikatai.
Serikali inijue, benki inijue, Bilha anijue.
Mnunuzi wa raba namba thelathini na nane
anijue kwa raba.

“Duka linaitwaje?”
Hapo nikakwama.
Nilizaliwa nikapewa jina, nikaolewa nikaongezewa,
hakuna aliyewahi kuniambia nichague.
Nje, kijana alikuwa akivuka dimbwi kwa ncha za vidole,
viatu mkononi.
“Kanyaga Pole,” nikasema.
Bilha akacheka, akaandika.

Shuka nimelikata matambara, linang'arisha viatu vya wengine.
Sasa napiga picha juu ya gunia tupu
nililoligeuza ili maandishi yaangalie sakafu.
Dirisha nafunga, lisionekane tangi la mwenye nyumba.
Mizigo naiacha kaunta ya basi, na anayeichukua
haoni mlango wangu.

Na daftari langu je?
Humo nimeandika nani wa Siaya
ana mguu wa kulia mkubwa kuliko mwenzake,
nani hulipa kwa simu ya shemeji,
nani huagiza vya kike, namba arobaini na tatu,
akaomba vifungwe kwa gazeti mara mbili.
Lilikuwa likilala wazi mezani,
jirani akija kuomba chumvi analifunua kama gazeti la jana.
Nimelipeleka chini ya godoro.
Siri nayo ni jozi:
upande mmoja wangu, upande wa pili wa mteja.

Jana bibi mmoja wa Ahero alizidisha shilingi hamsini.
“Nirudishie kwa simu, mwanangu.”
Kumrudishia ni kutuma kwa laini yangu,
na majina yote matatu yafuatane na pesa
kama watoto nyuma ya arusi.
Kidole kilisimama juu ya kitufe.
Si mtu mbaya. Viatu ni vya mjukuu anayeanza shule.
Lakini mjukuu ana baba, baba ana marafiki,
na Ahero si mbali na popote.

Nikatafuta kamba nyeusi, mpya, za hamsini,
nikazikunja ndani ya kiatu cha kushoto
pamoja na kikaratasi:
Chenji yako hii, bibi. Samahani.

Mkono, kwa mazoea, ukaandika R.
Nikaikata.
Karatasi nyingine sikuwa nayo,
basi R ile iliyokatwa
imepanda basi la saa nane.