Ubavu wa Kioo

Tangi langu lilikuwa na ubavu mmoja,
kioo kilicholala kati, ukuta wa mbele hadi wa nyuma,
upana wa kiganja, kazi ya fundi Ruhwanya wa Mwanga,
ambaye maisha yake yote ametengeneza madirisha,
na dirisha halijawahi kumwuliza
litabebaje lita mia mbili na arobaini.

"Maji yana kifua," alisema siku ile,
akikandamiza silikoni kwa kidole gumba.
"Ukiyafungia yatasukuma. Huu ndio unaoyashika mikono."
Nikamlipa. Nikaamini.

Lakini maji yetu haya ni magumu,
yanaacha chokaa kwenye kila kitu:
birika, bomba, sufuria za Tausi,
na ule ubavu, miezi minne tu,
ukaota ugaga kama jino.
Taa ikiwaka juu, kivuli kinaanguka chini,
mshipi mweusi kiunoni mwa tangi.
Kushoto mwani, kulia mwani,
katikati mawe yamepauka kama wagonjwa.

Bi Skola husimama mlangoni na beseni la dagaa:
"Ziwa lote lile pale chini,
wewe unafuga samaki sandukuni?"
Simjibu. Wa ziwani nawaona migongo,
au wakishakaangwa.
Hawa nawajua nyuso.

Nilikuwa karani wa mizigo stesheni
miaka ishirini na sita, huku mwisho wa reli.
Nguvu ya behewa haikai katikati ya sakafu,
inakaa pembeni, kwenye vyuma viwili virefu.
Basi nikachora:
vioo viwili vyembamba, vidole vitatu upana,
kimoja kiufuate ukuta wa mbele, kimoja wa nyuma,
kati pabaki hewa.

Ruhwanya aliitazama karatasi mpaka chai ikapoa.
"Haitashika."
Akainamisha kichwa upande wa pili.
"Labda itashika."
Kisha akatoa wembe.

Samaki wakahamia ndoo tatu,
wale wadogo wa kwenye makome tukawabeba na nyumba zao.
Siku tatu sebule ilinuka siki,
Tausi akauliza nani anatengeneza achari.

Siku ya nne tukajaza, kopo kwa kopo.
Nilivuta uzi wa kushonea mbele ya kioo
nione kama kitaota kitambi.
Nusu tangi: hakuna.
Robo tatu: unene wa ukucha.
Likajaa: unene wa shilingi mia,
hapo likakaa.
Ruhwanya akaenda kulala. Mimi nikatandika mkeka palepale,
kila saa napitisha kidole kwenye kingo,
na kila jasho la kioo
nikaliita mafuriko.

Alfajiri umeme ukarudi, bila hodi kama kawaida yake,
na mwanga ukashuka wote, mzima, mpaka mchangani.
Mawe yalikuwa na rangi. Sikujua.
Na pale palipokuwa na mshipi
palikuwa na kome moja, mdomoni mwake vitoto,
vidogo kama nukta za mkato, kumi, kumi na mbili,
na mama yao amesimama mbele yao akinitazama
kama mtu aliyeezuliwa paa bila barua.

Siku mbili alichimba.
Akilisukuma kome kwa paji la uso,
mchanga ukimwagika, akianza tena,
mpaka akalifikisha kona ya pampu,
kwenye kivuli kilichobaki, kama sahani ya kikombe.
Nilitaka kumsaidia. Nikanyoosha mkono, akaniuma.

Ubavu ule niliusugua kwa ndimu nikauweka dirishani.
Kwenye silikoni kavu, alama ya gumba la Ruhwanya
bado ipo, mistari yote.
Jana amekuja kuuomba.
Kuna choo Katonga kina dirisha dogo,
kipimo kilekile.