Dawa ya Pengo

Alinichoma sindano mkononi.
Nikamwambia, Daktari Kashindye, umepotea njia,
jino liko huku.
Akacheka kwa macho tu, barakoa imemficha:
"Naazima. Nitakurudishia kabla hujashuka kitini."

Vichupa viwili vya damu yangu
vikaingia kwenye mashine ndogo, ikaanza kuvuma,
nikajiona niko kazini.
Mimi ni mkamuaji asali kule Ipuli;
pipa letu nalo huzunguka hivi hivi,
masega yakaachia, asali ikarushwa ukingoni
ikateremka taratibu, haina haraka na mtu.

Hapa hakikutoka cha kulamba.
Dakika kumi na mbili, akainua kichupa dirishani:
chini wekundu mzito,
juu maji ya rangi ya mkojo wa asubuhi
(samahani, ndivyo yalivyokuwa),
na katikati utando mlegevu, mweupe,
kama wa maziwa yaliyopoa.
"Huyu ndiye fundi," akasema. "Mimi nampa njia tu."

Gego lilishang'oka, vipande vitatu,
limelala kwenye sahani ya chuma.
Akaukunja utando kwa koleo, akaushindilia shimoni,
akashona nyuzi mbili.
Usiteme. Usinyonye mrija. Usiongee ovyo.

Bibi Nyamizi alikuwa na neno kwa kila tundu la nyumba:
jino la pembe si dawa ya pengo.
Alilisema baba alipooa tena,
mwaka uleule tuliomzika mama.
Mama mpya alikuja na mapazia na redio,
alitupenda, sina la kumsingizia.
Ila mkekani palibaki mahali
ambapo mikono yetu ilipazunguka, haikupagusa.

Jioni, Isevya, ganzi ikaanza kuachia.
Ulimi ukawa unakwenda kule kule ulikokatazwa,
unarudi, unakwenda.
Yangu kwa yangu, nikawaza. Na hili jingine je,
la miaka tisa, nani alilishona?

Nikampigia Kalunde, Urambo.
Hatujasemeshana tangu tulipogombea kanga za marehemu.
Akapokea.
Nimeuma pamba, shavu limeumuka kama andazi,
neno halitoki.
Akasema, "Nani?" Kisha hakuuliza tena.
Tukasikilizana tunavyopumua,
yeye huko, mimi huku,
mpaka salio langu likakata.

Akapiga yeye.