Mato na Macho

Famau wa Mkomani, aliandika msimbo
Wa bili za majumbani, maji ya Amu, kitambo,
Ndani ya mashine duni, iliyotokea ng'ambo;
Haukuwa na mapambo, wala haukuanguka.

Mwanaidi alihama, kauchukua Malindi.
Kompyuta ikagoma, ikasema: “Hauendi.”
Neno moja lilokwama, mkalimani hapendi.
“Futa!” wanena mafundi, “upya tutauandika.”

Kaifungua faili, akaona maandiko,
Maelezo ya asili, ya babake, na kicheko:
“Hapa usiguse, mwali, sijui siri, ni mwiko.”
Akavisoma vituko, hadi jogoo kawika.

Akawaza: “Amu mato, huku macho; huonana!”
Neno lile la utoto, akaliongeza jina.
Mkalimani kwa wito, akaitika: “Naona.”
Bili zikatoka tena. Famau hakufutika.